Mtoto mchanga tamashani: kulala hemani na kusikiliza muziki Unguja

Wazazi wakipanga kumchukua mtoto mchanga kwenye tamasha, swali la kwanza huwa kelele. Kelele ina dawa yake, na tutaifikia. Kinachowashinda wengi ni joto. Sauti za Busara, tamasha ambalo limekuwa likifanyika Mji Mkongwe tangu 2004, huangukia Februari, katikati ya kaskazi, wakati mchana hufika nyuzi 32 na usiku haushuki sana chini ya 25, tena hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Mtoto wa miezi minne hatoki jasho kama mtu mzima na hawezi kujifunua. Akivishwa kofia ya sufu na soksi ili "asipigwe na upepo", kama bibi zake wanavyopenda, atazidiwa na joto kimyakimya huku kila mtu akisema mashallah, kalala vizuri. Kwa hiyo mengi yaliyomo humu, kuanzia mahali pa hema hadi namna ya kufunga kanga, yanarudi kwenye swali moja: hewa inampitia?

Umri

Kabla ya arobaini, hapana. Hapo wazee wako sawa, na mama mwenyewe mwili wake haujarudi. Baada ya hapo fungua kadi ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ndizo zinazomkinga na kifaduro, dondakoo, nimonia na kuharisha kwa virusi vya rota, na mkusanyiko wa watu kutoka nchi mbalimbali si mahali pa kumpeleka ambaye hajazimaliza. Chanjo ya surua hapewi mpaka miezi 9, hivyo ukisikia surua imezuka unakotoka au unakokwenda, ahirisha safari. Tamasha litarudi mwakani.

Umri mwepesi kuliko wote ni kati ya miezi minne na saba. Shingo imekaza, chakula kikuu bado ni ziwa la mama, na ukimweka mkekani unamkuta palepale. Akishaanza kutambaa, kila kaa na kila kipande cha mkaa wa jana kinaishia mdomoni, na mzazi hasikii hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye matatizo ya kifua, daktari wake aulizwe kwanza.

Mahali pa kupiga hema

Ngome Kongwe, ambako muziki wa Sauti za Busara hupigwa, hakulaliwi, na Mji Mkongwe wote hauna pa kusimamisha hema. Anayetaka hema ana njia mbili: aende kwenye tamasha la ufukweni ambako muziki na malazi viko pamoja, au apige hema shamba, yaani vijijini, na aje mjini kwa jioni moja. Kutoka Paje, pwani ya mashariki, hadi Forodhani mjini ni kama kilomita 50, saa nzima na zaidi kwa gari, na kurudi usiku wa manane na mtoto aliyechoka ni adhabu kwenu nyote. Tunapendelea mpango huu: usiku wa muziki lala nyumba ya wageni mjini, au kwa jamaa, kisha nenda shamba ukapige hema siku zinazofuata. Siku moja, safari moja.

Usijipigie hema ufukweni kimyakimya. Kila kijiji kiko chini ya sheha, mkuu wa eneo dogo la utawala liitwalo shehia, na mgeni anayelala katika shehia hujulishwa kwake. Jina, idadi yenu, siku ngapi. Zaidi ya heshima, kuna faida: sheha anajua nani ana kisima cha maji baridi, nani ana gari usiku, na wapi vijana watakuja na spika zao Jumamosi. Tena mkishajulikana kwamba mna mtoto mchanga, hamtakosa mama wa jirani wa kuwachemshia maji. Bora kuliko yote ni ua wa nyumba au wa hoteli ndogo ya kijijini, ambapo unalipia kidogo na unapata choo, bafu na bomba. Mtu mzima anaweza kuoga baharini na kuvumilia chumvi siku tatu. Ngozi ya mtoto haivumilii.

Mkilala ufukweni kweli, angalieni maji. Wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4, na maji hujaa kama saa 10 alfajiri, saa ambayo usingizi ni mzito kuliko wakati wowote. Sherehe nyingi za ufukweni hupangwa mwezi mpevu kwa ajili ya mbalamwezi, kwa hiyo tamasha na bamvu hukutana mara kwa mara. Mwani mkavu na takataka zilizotupwa juu kabisa ya ufuo zinaonyesha mstari wa maji ya mwisho. Hema likae juu ya mstari huo kwa hatua 15 angalau, na ikiwezekana nyuma ya mahali majani yanapoanza kuota. Mchanga laini na safi mno usio hata na jani moja ni mahali bahari inapolala.

Chini ya mnazi, kamwe. Nazi haipigi hodi, na kuti kavu lenye upana wa mlango huanguka hata bila upepo. Mvinje hauangushi kitu kizito, ila kivuli chake ni chembamba na jua hupenya. Mkungu ndio mti wa kutafuta: majani mapana, kivuli kizito, na matunda madogo yasiyoumiza mtu aliye ndani ya hema.

Kuhusu jukwaa, jua upepo unatoka wapi. Sauti husafiri mbali zaidi kufuata upepo kuliko kuupinga. Februari upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, basi lala upande wa kaskazini wa jukwaa. Julai, wakati wa kusi, geuza: lala kusini. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita 10, utaisikia kama 70 hivi ukiwa mita 320. Hiyo bado ni sauti ya watu wanaozungumza kwa nguvu, lakini mtoto hulala humo. Chini ya mita 300 usijidanganye, maana besi hupita mchangani na kwenye kitambaa cha hema kana kwamba hakuna kitu. Kaa mbali na jenereta pia, na hapo kelele ni tatizo dogo. Kubwa ni moshi wake.

Hema lenyewe

Kwa wazazi wawili na mtoto, nunua au azima hema lililoandikwa la watu wanne, lenye milango miwili inayotazamana na ukuta wa ndani wa wavu. Hema la mlango mmoja, hata likiwa la bei, halipitishi hewa. Elekeza mlango mmoja upepo unakotoka, fungua kitambaa cha nje pande zote mbili, na acha wavu peke yake umefungwa kwa zipu. Usiku mkavu wa Februari kifuniko cha mvua kikunjwe juu, kikae tayari kuteremshwa.

Juu ya hema funga turubai la rangi nyepesi, likiachana na hema kwa nafasi ya mkono mzima. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Turubai lililolala juu ya hema linahamishia joto lake lote ndani, na turubai la buluu iliyokoza ni baya zaidi.

Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki mchangani. Upepo wa kwanza wa alasiri unaving'oa vyote. Chukua viroba vidogo au vipande vya gunia, jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kifukie kina cha sentimita 40 na kanyaga juu. Viroba sita hadi vinane vinatosha. Kabla ya kutandika, kanyagakanyaga mchanga ndani ya eneo la hema, mwagia ndoo mbili za maji, sawazisha kwa ubao. Mchanga usiokanyagwa hubonyea mtu mzima anapolala, likawa shimo, na mtoto aliye jirani hubingirika humo bila mtu kujua.

Kisha jaribu. Ingia wewe kwanza, funga nyavu, keti dakika tano. Ukitoka na jasho shingoni, mtoto haingii. Jaribio hili lirudie kila anapotaka kulala, kwa sababu hema lililokuwa baridi saa 12 asubuhi huwa tanuri saa 2 na nusu, jua likilipiga ubavuni. Usingizi wa mchana usiwe hemani kabisa. Uwe nje, kivulini, juu ya mkeka, chini ya chandarua.

Ndani ya hema hakuna moto wa aina yoyote. Jiko la mkaa, hata lile lililobaki na makaa mekundu mawili, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na nafasi ndogo iliyofungwa inajaa upesi. Hilo linahusu pia chetezo cha udi au ubani na ile dawa ya mbu ya kuwasha inayozunguka kama konokono. Anayetaka kumfukizia mtoto afukize nguo uwanjani, azikung'ute, ndipo amvishe.

Kitanda cha mtoto

Godoro la kujaza upepo, ambalo karibu kila muuza mahema atakushikisha, liache dukani. Mtoto mchanga akilala juu yake huzama, uso ukageukia kwenye mpira, na hana nguvu za kujitoa. Anahitaji kitu kigumu: godoro jembamba la sponji ngumu, la sentimita 60 kwa 120, juu ya jamvi au mkeka mnene. Shuka moja iliyochomekwa vizuri. Mto hapana, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa, doli hapana, kanga iliyokunjwa ubavuni kumzuia asibingirike, pia hapana.

Alale chali. Godoro lake liwe mbali na ukuta wa hema kwa sentimita 30 au zaidi, kwa sababu upepo wa usiku husukuma kitambaa ndani na kinaweza kumfunika uso. Asilale katikati ya baba na mama. Akae upande wa mama, kwenye godoro lake, mkono unapofika. Mzazi aliyekunywa kileo au dawa ya usingizi alale upande mwingine kabisa wa hema.

Vile vyandarua vya mwavuli vinavyouzwa soko la Darajani vinafaa sana kwa mchana. Usiku hakikisha mtoto hagusani na wavu, maana mbu anauma kupitia matundu. Kisigino kimoja kilichoegemea wavu kinatosha kumlisha. Kwa kulala usiku, chandarua chenye dawa kilichofungwa juu ya godoro na kuchomekwa chini yake ni bora zaidi, hata kama hema lina wavu wake, kwa kuwa watu wazima mtaingia na kutoka mara kumi.

Susu ya kanga iliyofungwa kwenye mti inambembeleza mtoto haraka kuliko wimbo wowote, na hatuipingi. Lakini ndani yake mgongo hupinda na kidevu hukaribia kifua, na njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba. Iwe ya kubembelezea wakati mtu mzima amekaa hapo anamtazama, kisha akishalala ahamishiwe godoroni.

Mavazi ya usiku: Februari nepi na fulana moja ya pamba, na kanga nyepesi mpaka kifuani ikihitajika alfajiri. Julai, upepo wa kusi ukivuma na usiku ukishuka nyuzi 21 au 22, mwongeze suruali na mikono mirefu. Kofia ndani ya hema, msimu wowote, hapana. Usipime joto lake kwa kushika mikono au miguu, hivyo hupoa bure. Tia vidole viwili nyuma ya shingo, chini ya ukosi. Pakiwa pakavu na vuguvugu, yuko sawa. Pakiwa na unyevu, punguza nguo moja sasa hivi.

Kunyonya, maji na chakula

Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya tu. Maji hapewi, dafu hapewi, hata joto likiwa la kuyeyusha lami. Kiu yake inatibiwa na ziwa, na siku ya joto atataka kila saa moja au mbili, kidogo kidogo. Mpe. Kinachopungua ni maji ya mama, na mama anayekaa juani na kusahau kunywa ndiye atakayesema maziwa yamekauka. Lita tatu kwa siku si nyingi. Mwekee chupa yake mwenyewe, isiyoguswa na wengine, ili mjue imeisha mara ngapi.

Hesabu nepi zilizoloa. Sita au zaidi kwa saa 24, mtoto ana maji ya kutosha. Zikishuka chini ya nne, mkojo ukawa wa njano iliyokoza, ondokeni kambini siku hiyohiyo.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje penye nyuzi 25, na Februari hakuna 25 mchana, basi yahesabu kuwa ni ya kutumiwa ndani ya saa mbili. Kwenye deli dogo lenye barafu ngumu, lisilofunguliwafunguliwa, hukaa hadi saa 24. Barafu itafuteni kijijini kila asubuhi kwa wauza samaki, ila itiwe ndani ya chombo chake kilichofungwa. Barafu ya samaki isiguse chupa ya mtoto.

Kwa maziwa ya kopo shida ni kubwa zaidi, kwa sababu unga wenyewe si safi kabisa na unahitaji maji ya moto ili vijidudu vife. Chemsha maji, yatie moja kwa moja kwenye chupa nzuri ya chai, yatumie yakiwa bado hayajashuka chini ya nyuzi 70. Pima maji kwanza, ndipo unga kwa kijiko cha kopo lenyewe, koroga, kisha poza kwa kusimamisha kikombe ndani ya bakuli la maji baridi. Dondosha tone ndani ya kiganja. Yatumike ndani ya saa mbili, na yaliyobaki baada ya kunyonywa yamwagwe hata kama ni nusu. Tumia kikombe kidogo badala ya chupa ya chuchu. Kikombe kinasuguliwa kote, chuchu ina pembe ambazo kambini hazifikiki.

Aliyetimiza miezi sita ana chakula rahisi kuliko nyote: ndizi mbivu, imekuja na ganda lake, haihitaji jiko. Uji upikwe wa kuliwa mara moja, usiwekwe kiporo. Asali hapewi mpaka atimize mwaka, hata tone la kumlambisha.

Tandika mkeka wa kunyonyeshea mbali na wa kulalia. Tone la maziwa kwenye shuka huwaita sisimizi kabla hujamaliza kumcheua.

Jioni ya muziki

Vichochoro vya Mji Mkongwe na kigari cha mtoto havipatani. Kuna vizingiti, vespa, na mashimo. Kanga ndiyo gari lako. Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, wima, uso ukionekana, na vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua chake. Aliyekaza shingo anaweza kukaa mgongoni. Ukimfunika kichwa na uso kwa kanga ya pili, unaziba hewa na kuongeza joto la mwili wako juu ya lake; jua likiwa kali tumia mwavuli. Krimu ya jua kwa aliye chini ya miezi sita haishauriwi. Kivuli ndicho kinga yake. Kila nusu saa mtoe mgongoni, mpepee, mnyonyeshe, mrudishe.

Miaka mingi tamasha hufunguliwa kwa maandamano yenye ngoma na beni. Tarumbeta katika kichochoro cha hatua mbili ni kali kuliko spika nyingi, kwa hiyo yatazameni mkiwa barabara pana au dirisha la ghorofani.

Ngome Kongwe yenyewe ina kuta nene za mawe zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 17, na kuta hizo hurudisha sauti. Ile hesabu ya umbali niliyoitaja juu haifanyi kazi sawasawa humo ndani. Ukirudi nyuma sauti haipungui kama ufukweni, na ukiegemea ukuta unaweza kuipata mara mbili. Ingieni mapema, saa 11 au 12 jioni, wakati wasanii wa kwanza wanapiga na watu hawajajaa. Kaeni pembeni karibu na njia ya kutokea, mbali na mstari wa spika. Saa 2 usiku mwe mmeshatoka. Muziki huendelea hadi usiku mwingi, na mzazi mmoja anaweza kurudi peke yake. Pangeni zamu kabla ya kufika, si mlangoni.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa maoni yetu kiti kizuri kuliko vyote kiko nje: Forodhani, ng'ambo ya barabara, karibu na ukuta wa bahari. Muziki unasikika, upepo upo, na mnaweza kuondoka bila kumwomba mtu apishe. Kaeni upande unakotoka upepo, msipate moshi wa mishikaki, na mbali na meza zenye mafuta ya moto.

Masikio yafunikwe na vizuia sauti vya watoto wachanga, vile vyenye mkanda laini unaozunguka kichwa. Vya kuziba ndani ya tundu la sikio havifai: vinatoka, na vikitoka vinamezwa. Pamba haizuii chochote. Kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 25, kikikaa vizuri. Kofia au nywele zikiingia chini ya kikombe, nusu ya kazi imepotea. Mvishe nyumbani siku chache kabla, dakika kumi kumi, azoee, maana akivishwa mara ya kwanza ngoma zikiwa zimeanza atavipigania mpaka mwisho. Mtoto akivaa, joto la kichwa nalo linapanda, basi mvue kila dakika 20 mkiwa mahali pa kimya na mfute jasho nyuma ya masikio. Asilazwe navyo kitandani.

Kipimo cha desibeli cha simu hakina usahihi wa maabara, lakini kinatosha kwa uamuzi. Kwa mtu mzima kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila 3 zinapoongezeka muda salama hukatwa nusu: ukifika 100, ni dakika 15 tu. Mtoto apewe chini ya hapo. Simu ikionyesha 85 mlipokaa, hameni. Usipokuwa na simu, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, mmeshapita.

Magharibi ikiingia, mbu wa malaria huanza zamu. Ugonjwa umepungua sana Zanzibar, haujaisha, na wanaoenezea dengue huuma mchana. Miguu na mikono ifunikwe kwa kitambaa chepesi cha rangi nyepesi. Dawa ya kupaka yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, na zile za mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu haziruhusiwi mpaka miaka mitatu. Akifika umri wa kupakwa, paka wewe kwa kiganja chako, si machoni, si mdomoni, wala viganjani mwake, maana vitaishia kinywani.

Nepi na usafi

Chukua pampasi 10 kwa siku, na nepi za kitambaa nusu dazeni za akiba. Kwa joto hili badilisha kila saa tatu, na mwache makalio wazi mkekani robo saa mara tatu kwa siku; harara nyingi za kinena hazihitaji dawa zaidi ya hewa. Poda iacheni, inaingia mapafuni na kugandana na jasho. Zilizotumika zikae kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana na zirudi nanyi mjini. Zikifukiwa mchangani, kaa na mbwa huzifukua usiku uleule.

Maji ya kuogea mama na mtoto, dumu moja la lita 20 kwa siku. Mwogeshe alasiri, kabla ya jua kushuka, kwa maji yaliyokaa kivulini. Mchanga ukiingia mikunjo ya mapaja usifute. Miminia maji mpaka utoke wenyewe, kisha kausha kwa kubonyeza. Ukisugua, unamchubua.

Akiumwa

Beba kipimajoto cha kidijitali, sindano isiyo na ncha ya kupimia dawa, parasetamoli ya maji, pakiti tatu za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), na namba ya dereva aliyekubali kwa mdomo wake kupokea simu saa 8 usiku. Ahadi ya "nipigie tu" haitoshi. Mjulishe mnalala wapi na gari likae kijiji gani.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, ni hospitali sasa hivi, bila kumpa dawa kwanza. Mkubwa zaidi anaweza kupewa parasetamoli kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 6, kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, ni mililita 2.5. Soma chupa, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Homa isiyoisha baada ya kumvua nguo na kumpepea kivulini, apimwe malaria.

Akiharisha, pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, naye hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole, huku akiendelea kunyonya. Wanaotoka Pemba kwa boti wasimpe mtoto vidonge au dawa za kuzuia kutapika baharini. Nyingi hazifai chini ya miaka miwili. Mnyonyesheni kidogo kidogo na mkae katikati ya boti, chini, penye hewa.

Utosi uliobonyea, mdomo mkavu, kulia bila machozi, usingizi usioamshika, kupumua kwa haraka mbavu zikivutwa ndani, au ngozi ya moto na mtoto amelegea: hivyo vyote ni vya hospitali, usiku huohuo. Mjini ni Mnazi Mmoja. Kusini kuna Makunduchi, kaskazini Kivunge, na kwa walioko kusini mwa Pemba kuna Abdalla Mzee, Mkoani. Mkiwa njiani fungueni madirisha ya gari, mvueni abaki na nepi, mloweshe kwa kitambaa cha maji ya kawaida, si ya barafu, na mama aendelee kumpa ziwa maadamu anaweza kunyonya. Kadi ya kliniki ikae mkoba mmoja na pesa za gari, siyo hemani chini ya nguo.